Madafu hayaleti busha

Pwani ya Tanzania, kuanzia Tanga hadi Mtwara, bado utasikia kijana akionywa: punguza madafu, utaota busha. Naelewa imani hiyo ilikotoka. Minazi ipo pwani, busha nalo lipo pwani, na yote mawili yamejaa maji. Lakini maji ya dafu hayafiki kwenye korodani.

Busha na matende huletwa na minyoo wa filaria, wanaoenezwa na mbu. Waliokomaa hukaa miaka kadhaa ndani ya mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na kuiharibu taratibu. Wengi huambukizwa utotoni, uvimbe ukaja ukubwani. Ndiyo maana mtu hulaumu alichokunywa juzi.

Watoto wa minyoo hawa wana tabia ya ajabu. Mchana hujificha kwenye mapafu, usiku wa manane wanajaa kwenye damu iliyo karibu na ngozi, saa zilezile mbu anapouma. Kwa sababu hiyo wapimaji hupita usiku kutoboa watu vidole.

Hapo ndipo chandarua kinapofanya kazi. Kuumwa mara moja kwa kawaida hakutoshi; ugonjwa huu hutaka kuumwa mara nyingi, kwa miezi au miaka. Aliyekwisha kuambukizwa naye alale ndani ya chandarua, maana mbu huchukua vimelea kwa mgonjwa huyo na kuwapelekea watoto wa nyumbani kwake. Kingatiba, yaani dawa za kuzuia ugonjwa, za kila mwaka zikigawiwa, ameze. Busha lililokwisha kuota haliondolewi na chandarua wala dawa za kienyeji. Hutibiwa kwa upasuaji hospitalini.