Vimeng'enya vinavyokata DNA yenye alama: muundo wake unasomwaje

Vimeng'enya vingi vya bakteria vinavyokata DNA huiacha ile yenye alama za methili, maana ni ya mwenyeji (bakteria wenyewe), na kuishambulia isiyo nazo. Kundi hili hufanya kinyume: halikati mpaka likute alama. Kuna virusi wanaowakwepa walinzi wa kawaida kwa kubadili besi zao, yaani herufi za DNA (adenini A, timini T, guanini G, sitosini C); kundi hili huwalenga hao. T4, kwa mfano, hutumia hidroksimethilisitosini iliyobandikwa glukosi mahali pa sitosini. Maabara nyingi zinaijua DpnI, inayokata mfuatano wa besi GATC pale tu adenini inapokuwa na methili.

Methili ni kaboni moja na haidrojeni tatu. Protini inaihisije? Ili kulijibu hilo, protini ikiwa na DNA yake hugeuzwa fuwele, ipigwe eksirei na muundo wake usomwe; na taabu huanza mapema. Bakteria E. koli wa kawaida, anayetumika kuzalisha protini, ana Dam, kimeng'enya kinachotia methili karibu kila GATC; ukizalisha DpnI humo, itamkatakata mwenyeji wake. Tumia aina isiyo na Dam.

Protini ikishasafishwa, ifikishe kama miligramu 10 kwa mililita, kisha uichanganye na kipande kifupi cha DNA chenye methili, DNA ikizidi kidogo. Usitie magnesiamu, ambayo huwasha ukataji, la sivyo utapiga picha ya DNA iliyokwisha katwa. Kalsiamu hukaa mahali pa magnesiamu bila kuwasha ukataji. Njia nyingine ni kubadilisha asidi amino moja ya kitovu cha ukataji.

Tone la mikrolita 1 ya mchanganyiko na 1 ya myeyusho wa polietilini glaikoli huning'inizwa juu ya hifadhi ya myeyusho huohuo, ili likauke polepole na fuwele ziote. Fuwele zikigoma, shuku kwanza urefu wa DNA: ndani ya fuwele ncha za vipande hupangana kichwa kwa mkia, hivyo jozi moja ya besi ya ziada huzungusha kila kitu kwa takriban digrii 34. Zikiota, osha chache, ziyeyushe na uzipitishe kwenye jeli uone kama zina DNA. Si ajabu kukuta ni protini tupu.

Zigandishe kwenye naitrojeni kimiminika pamoja na gliseroli, vinginevyo barafu itaharibu picha ya eksirei. Ukali wa picha hupimwa kwa angstromu, na ndogo ni bora: kwa angstromu 3 methili haionekani vizuri, lenga 2. Katika DpnI, methili za nyuzi zote mbili zimo ndani ya mfuko mmoja. Jamii ya MspJI, vimeng'enya vingine vya kundi hili, huichomoa besi nzima nje ya msokoto. Kabla ya kuamini mojawapo, ondoa methili kwenye modeli, piga hesabu upya, uone kama wingu la elektroni, yaani kinachoonyeshwa na eksirei, linarudi palepale.