New Deal ya Roosevelt: tunayosimuliwa na yaliyotokea kweli

Mjadala wowote wa serikali kumwaga pesa uchumi ukilala, lazima atokee mtu aitaje New Deal, yaani mipango ya Rais Franklin Roosevelt ya kuinua uchumi wa Marekani ulioanguka miaka ya 1930, na hapo ndo vurugu inapoanza, huyu anasema Roosevelt aliokoa nchi, yule anasema alirefusha njaa, na wote wawili wanaongea kama vile ilikuwa mpango mmoja ulioandikwa ukagongwa muhuri. Haikuwa hivyo. Lilikuwa lundo la majaribio, mengine yanavutana mashati yenyewe kwa yenyewe, kwahiyo ukiuliza ilisaidia au haikusaidia inabidi kwanza useme unaulizia ipi.

"Hoover alikunja mikono, Roosevelt ndo akafungulia pesa"

Hoover, rais aliyemtangulia Roosevelt, hakukunja mikono. Lile bwawa kubwa la mto Colorado lenye jina lake lilianza kujengwa 1931, na 1932 akaanzisha shirika la serikali la kukopesha mabenki na kampuni za reli, ambalo Roosevelt alilirithi akalitumia vizuri tu. Shida yake ni kwamba alichojenga kwa mkono huu alikibomoa kwa ule. 1930 alisaini ushuru mzito wa bidhaa za nje wakati wachumi zaidi ya elfu moja wamemwandikia wakimsihi asisaini, halafu 1932, watu wako hoi, akapandisha kodi, kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikaruka kutoka asilimia 25 hadi 63.

Na huyo Roosevelt mwenyewe kwenye kampeni ya 1932 aliahidi kupunguza matumizi ya serikali kwa asilimia 25! Mwezi Machi 1933 haujaisha tangu aapishwe ameshakata mishahara ya wafanyakazi wa serikali na malipo ya wanajeshi wastaafu. Hii hawakwambii.

"Uchumi uliinuliwa na zile ajira za serikali za koleo na sururu"

Hapa ndo watu wengi wanapotea, na siwalaumu, maana koleo linapigwa picha, benki haipigwi picha.

Rudi Machi 1933. Tangu 1930 mabenki zaidi ya 5,000 yameanguka na pesa za watu zimezama nayo, mfanyakazi mmoja kati ya wanne hana kazi. Roosevelt anaapishwa Jumamosi tarehe 4, Jumatatu tarehe 6 anafunga mabenki ya nchi nzima, tarehe 9 bunge linapitisha sheria ya kuyakagua, na Jumapili usiku tarehe 12 anakaa redioni anawaeleza watu kwa lugha ya kawaida kabisa benki inafanyia nini pesa yako na kwanini yatakayofunguliwa kesho yake ni salama. Yakafunguliwa, foleni zikawepo, ila safari hii watu wamekuja KUWEKA. Pesa zilizokuwa zimefichwa majumbani zikarudi.

Mwaka huohuo ikapitishwa bima ya amana, kwamba benki ikifa serikali inakulipa mpaka dola 2,500, ikaanza Januari 1934. Kichekesho ni kwamba Roosevelt hakuitaka hiyo bima, alihofia itawalinda wenye mabenki wazembe, wabunge ndo waliomsukuma. Mwaka 1933 peke yake yalifungwa mabenki kama 4,000. Mwaka 1934, kati ya yale yenye bima, yalianguka 9. Tisa tu.

Halafu dhahabu. Dola ilikuwa imefungwa kwenye dhahabu, aunsi moja dola 20.67, na kamba hiyo ilizuia pesa kuongezeka wakati bei za kila kitu zinaporomoka. Usidhani bei kushuka ni neema: mkulima alikopa wakati gunia lina bei, sasa gunia limeshuka mpaka nusu lakini deni halijashuka hata senti, maana yake anadaiwa magunia mara mbili. Roosevelt akaikata ile kamba 1933, Januari 1934 aunsi ikawekwa dola 35, dhahabu ikaanza kumiminika kutoka Ulaya na pesa kwenye mzunguko zikaongezeka. Wachumi kibao waliokuja kuzichambua zile takwimu wanaona injini kubwa ya kupona ilikuwa hapa. Na siyo Marekani tu, Uingereza iliachana na dhahabu 1931 ikaanza kupumua mapema, Ufaransa iling'ang'ania mpaka 1936 ikabaki kitandani.

Sasa koleo lilikuwa la nini? La kulisha watu, na hiyo siyo kazi ndogo. Vijana wa CCC, mpango wa kuwapa vijana kazi za misitu na mazingira, walilipwa dola 30 kwa mwezi, kama 25 kati ya hizo zinatumwa moja kwa moja nyumbani kwa wazazi, wakapanda miti kama bilioni 3. WPA, mpango wa kuajiri wasio na kazi kwenye miradi ya umma, ulianza 1935 ukapitiwa na watu milioni 8.5 mpaka inafungwa, barabara, shule, madaraja, uwanja wa ndege wa LaGuardia pale New York. Vitu vya maana. Ila kumlisha mgonjwa na kumtibu ni mambo mawili.

"Serikali ilitumia pesa kama maji, na Keynes ndo aliyemfundisha"

Keynes, yule mchumi wa Uingereza aliyetetea serikali kutumia pesa uchumi ukilala, alikutana na Roosevelt mara moja 1934 na kitabu chake maarufu kilitoka 1936, mipango mingi ishapita. Na nakisi yenyewe, yaani kiasi ambacho matumizi ya serikali yalizidi mapato yake, haikuwa ya kutisha, huku serikali za majimbo na miji zikikaza mikanda na kuongeza kodi, yaani mmoja anajaza ndoo wenzake wanaitoboa. Mchumi E. Cary Brown alipiga hesabu zake 1956 akahitimisha kwamba dawa ya matumizi haikushindwa, ila haikujaribiwa sawasawa.

"Miaka yote ile hamna kilichopona mpaka vita ikaja"

Nusu kweli. Kati ya 1933 na 1937 uchumi ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 8 kwa mwaka, ila ulianzia shimoni, kwahiyo hata ukipanda mbio bado uko shimoni. Kwenye ajira kuna mchezo wa kuhesabu: takwimu nyingi zinazorushwa zinamhesabu mtu wa WPA kuwa hana kazi, eti kwasababu analipwa na mpango wa msaada. Mwaka 1936, kwa hesabu hiyo wasio na kazi ni kama asilimia 17, ukiwahesabu wa miradi kuwa wana kazi inashuka hadi kama 10. Ukikutana na mtu anabishana kwa namba hizi muulize kwanza ameitoa hesabu ipi.

Kilichochafua ni 1937. Serikali ikaona mgonjwa kakaa kitako, ikaacha dozi katikati. Ikakata matumizi, makato ya mishahara kwa ajili ya pensheni yakaanza, benki kuu ikalazimisha mabenki yaweke akiba mara mbili, hazina nayo ikazuia dhahabu inayoingia isigeuke pesa. Yote kwa pamoja! Uchumi ukaanguka tena, ukaja kuinuka katikati ya 1938 baada ya kurudi kwenye dozi. Na Vita ya Pili ya Dunia ndiyo ilimaliza kazi, 1944 wasio na kazi walikuwa asilimia 1.2, lakini sasa vita ni nini kama siyo serikali kutumia pesa kuliko ilivyowahi?

"Ilimsaidia kila maskini"

Hapana. 1933 wakulima walilipwa wapunguze mazao ili bei ipande, pamba ikalimwa ikafukiwa, nguruwe kama milioni 6 wakachinjwa watu wakiwa na njaa. Bei ilipanda kweli. Lakini hundi ilienda kwa mwenye shamba, na kusini mwa Marekani wenye mashamba wengi walichukua hundi wakawatimua waliokuwa wanalima kwa kugawana mavuno, wengi wao Weusi. Pensheni ya 1935 nayo iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa ndani, na hizo ndo kazi walizokuwa nazo Weusi wengi. Kulikuwa pia na mpango wa kupangia viwanda bei na mishahara, huo sina la kuutetea, ulipandisha bei bila kuongeza wateja, na Mahakama Kuu ikauzika Mei 1935 kwenye kesi ya wauza kuku.

CCC ilifungwa 1942, WPA 1943. Bima ya amana ipo mpaka leo, siku hizi ni dola 250,000.