Idi, halua na "mdudu" wa jino

Jino la mtoto likitoboka, utasikia watu wakisema limeliwa na mdudu. Mdudu huyo hayupo. Bakteria walio kwenye utando unaonata juu ya meno hula sukari na kutoa asidi, nayo huyeyusha madini ya jino kwa takriban nusu saa kila mara mtoto anapoonja kitamu. Ndiyo maana vipande vitano vya halua mara moja baada ya pilau vina nafuu kuliko ubuyu wa kumung'unya tangu asubuhi hadi magharibi (nao ubuyu wenyewe ni mchachu). Usiku mswaki aushike mzazi: dawa ya meno yenye floraidi (madini yanayoimarisha meno), kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, punje ya njegere hadi miaka 6. Mtoto ateme povu, asisukutue.