Uongo wa wawindaji wa kulungu (mwingine niliusema mimi) na ukweli wake, kuanzia kwenye kisu

Nianze kwa kukiri. Nusu ya mambo ntakayoyakanusha hapa niliwahi kuyasema mwenyewe, tena kwa kiapo, moto unawaka na watu wamekaa kimya wananisikiliza. Nimewinda kulungu zaidi ya miaka 40, magoti yameshachoka, sikio la kulia nalo limechoka (bunduki hizo, kijana vaa vya kuziba masikio tangu siku ya kwanza), na mjukuu wangu wa kike anataka msimu ujao nimchukue. Shida ni kwamba huyu mtoto anauliza. Juzi nimemwaga visu vyangu vyote mezani nanoa, akaja akakaa pembeni akaanza, babu hiki cha nini, babu hiyo kweli, babu nani alikwambia. Kufika kisu cha nne nikagundua kuna vitu nimevishika miaka yote hiyo na sijui nilivitoa wapi.

Kwanza tuelewane jina maana hapa ndo wengi wanachanganya. Naposema kulungu namaanisha wale wenye pembe za matawi, kina mkia mweupe wa Amerika na ndugu zao wa Ulaya na Asia. Watu wanadhani ni huyo huyo kulungu wa misitu ya Afrika, mbawala. Hapana, ukoo tofauti kabisa. Mbawala yuko upande wa ng'ombe na mbuzi, pembe yake ni ganda kama la kucha limevikwa juu ya mfupa, na anazeeka nayo. Hawa wangu pembe ni mfupa mtupu, zinadondoka kila mwaka na kuota upya, na kusini mwa Sahara hamna hata mmoja wa asili. Kiswahili kimewapa jina moja, basi, tutaishi nalo.

Sasa hizo pembe. Eti ukihesabu matawi umejua umri. Hii nimeisikia tangu nikiwa mdogo, matawi sita miaka sita, matawi nane miaka nane, hesabu safi kabisa na ni uongo mtupu. Matawi yanategemea chakula alichokula, afya, na damu aliyorithi, na ukubwani ni kweli yanaongezeka lakini dume akizeeka sana pembe zinaanza kurudi nyuma, zinakuwa za ajabu ajabu. Umri unausoma kwenye meno, unaangalia magego yameliwa kiasi gani, na wataalamu wanakata jino wanahesabu duara zake kama za mti. Zenyewe pembe zinaota kwa kasi ya kutisha, kwenye aina kubwa kubwa zinaweza kupita sentimita 2 kwa siku, zimevikwa ngozi laini kama mahameli yenye damu inatembea ndani, halafu ikikauka anaisugua kwenye miti mpaka inatoka. Kulungu wangu wa kwanza alikuwa na matawi sita. Kwenye stori sa hivi yako kumi na mbili. Ndo kulungu pekee duniani ambaye pembe zinaendelea kuota na ameshaliwa. Bibi yao akinisikia naianza tu anauliza toka jikoni, "Mwaka huu zimefika ngapi?"

Haya tuje kwenye visu maana ndo ugonjwa wangu.

Eti mwindaji wa kweli anabeba kisu kikubwa. Mimi nilianza hivyo. Kisu changu cha kwanza kilikuwa karibu urefu wa mkono toka kiwiko, mgongoni kina meno ya msumeno, kwenye mpini kuna dira. Ile dira ilikuwa na imani yake, kila ulipogeuka ndo kaskazini. Mzee aliyenifundisha kuwinda alikiangalia akaniuliza, "Tunawinda kulungu au tunafyeka shamba?" Yeye mfukoni alikuwa na kitu cha sentimita 9 hivi, mpini umechakaa hadi umekuwa na alama ya vidole vyake, na hicho ndo kilimaliza kazi wakati mimi nashika tochi.

Sababu utaiona ukiinama mwenyewe juu ya mnyama. Unachana ngozi ya tumbo toka chini kwenda kifuani, na chini ya hiyo ngozi, kama unene wa kadi tu, kuna utumbo. Kwa hiyo unaweka vidole viwili ndani unainua ngozi juu, makali yameangalia juu, ncha inapita katikati ya vidole vyako. Baadaye mkono unaingia ndani ya kifua hadi kwenye kiwiko kwenda kukata koromeo na huoni kitu, unafanya kwa kupapasa, kidole cha shahada kimelala mgongoni mwa kisu kikionyesha ncha iko wapi. Sasa humo ndani ukiwa na upanga wa sentimita 20 utatoboa kibofu, utatoboa utumbo, utajitoboa na wewe. Sentimita 8 mpaka 10 zinatosha kulungu mzima. Ndo maana visu vingi vya kuwindia leo mgongo wake unashuka taratibu kwenye ncha, ncha haijainuka kutafuta cha kutoboa. Umbo hilo lilipewa umaarufu na Bob Loveless, fundi visu wa Marekani, na kila nikikishika kisu cha hivyo naona kabisa kimebuniwa na mtu anayejua kazi yenyewe.

Vipenzi vyangu ni vitatu. Buck 110, kile cha kukunja chenye shaba mbele na nyuma, kimetoka mwaka 1964 na mpaka leo kinatengenezwa, kizito mpaka kinakuvuta suruali, lakini kile kimlio chake kikifunga, tak, mi nakipenda kuliko miziki mingi. Opinel ya Mfaransa, wameanza kuzitengeneza mwaka 1890, mpini mti mtupu, nyepesi, na ikilowa ule mti unavimba kisu kinagoma kufunguka, nimewahi kukifungua kwa kukigonga kitako kwenye gogo huku natukana kwa adabu. Cha tatu ni Mora ya Sweden, mpini wa plastiki, bei ya kawaida, hakina sura. Mjukuu akauliza unachokitumia kweli ni kipi. Nikanyamaza kidogo. Ni Mora. Vile viwili navitoa wageni wakija.

Eti ule mfereji kwenye bapa la kisu ni wa kutolea damu, usipokuwepo kisu kinang'ang'ania nyama. Hii niliisema mimi, naomba radhi. Mfereji unapunguza uzito wa chuma bila kukifanya kilegee, basi, na kwenye kisu kidogo mara nyingi ni urembo tu.

Eti kisu kikali sana ni hatari. Nina kovu kwenye kidole gumba cha kushoto la kujibu hilo. Kisu kilikuwa butu, nilijua kabisa ni butu, nikawa mvivu wa kunoa, nikafika kwenye mfupa wa nyonga nikawa nasukuma kwa nguvu zote za bega, kikateleza. Kisu kikali unakiongoza, kisu butu unakisukuma, na kitu unachokisukuma kikiachia ghafla hakiulizi mkono wa nani. Kile kidonda mwaka huo nilisema ni kulungu alinipiga kwato. Ilisimuliwa misimu mitatu hiyo.

Halafu stenlesi. Watu wanasikia haishiki kutu wanaiacha na damu usiku kucha. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa kromiamu, kama asilimia 10.5 kwenda juu, inakuwa ngumu kushika kutu lakini damu ina chumvi na chumvi haina urafiki. Chuma cha kaboni ndo kinashika haraka zaidi ila kukinoa raha, dakika mbili kwenye kinoo kimerudi, na kikikaa kinapata rangi ya kijivu kijivu cha bluu, hiyo sio kutu, usiisugue. Na vyote viwili usivihifadhi kwenye ala ya ngozi mwaka mzima. Ngozi inanyonya unyevu na ina dawa zilizotumika kuilainisha, msimu ukirudi unavuta kisu kina madoa kama chui. Ala ni ya kubebea, nyumbani kisu kikae nje, kikavu, na mafuta kidogo.

Eti ukifika kwa mnyama kitu cha kwanza mkate koo damu itoke. Waislamu wana taratibu zao za dini kwenye kuchinja na hapo siingii. Naongelea wale wanaosema usipokata koo nyama inaharibika. Mnyama akishakufa moyo umesimama, hamna pampu, ukikata koo kitatoka kidogo tu, na kama ulimpiga mapafu au moyo damu karibu yote imeshamwagika ndani ya kifua, utaikuta humo umefungua. Nyama inaharibiwa na joto. Mtoe matumbo mapema, mpanue kifua upepo uingie, mtafutie kivuli. Ukimfunga nyuma ya gari saa nne na jua kali ili watu wamwone, halafu unalalamika nyama ina harufu, hiyo harufu ni yako.

Na kwenye harufu kuna hii ya tezi. Kwenye miguu ya nyuma kwa ndani, usawa wa goti hivi, dume ana vishungi vya manyoya meusi vinanuka ajabu, anavikojolea mwenyewe makusudi. Wazee wanakwambia vikate kwanza kabla ya kitu chochote au nyama yote itanuka. Viko nje kwenye ngozi bwana, vitatoka na ngozi. Kinachoharibu nyama ni wewe kuvikata kwanza, halafu kwa kisu kile kile na mikono ile ile ukaingia kwenye paja. Yaani dawa ndo ilikuwa ugonjwa. Mafuta pia yatoe, ya kulungu yanaganda mapema mdomoni kama mshumaa.

Eti hawaoni rangi, wanaona nyeusi na nyeupe tu. Wanaona. Nyekundu na chungwa ndo zinawapita, kwao ni kama rangi ya majani yaliyofifia, kwa hiyo vaa lile koti la chungwa wawindaji wenzako wakuone, kulungu hana habari nalo. Ila bluu wanaiona vizuri sana, kuliko sisi. Miaka mingi nimekaa porini na jinzi ya bluu najiuliza kwa nini wananikimbia, nikalaumu upepo, nikalaumu mwezi, nikamlaumu shemeji yangu kwa kukohoa.

Eti ukimpiga sawasawa anaanguka pale pale. Kwenye sinema labda. Hata aliyepigwa moyo anaweza kukimbia mita 50, mita 100, na zaidi, halafu ndo anaanguka. Unachotakiwa ni kukaa, na kukaa ndo kazi ngumu kuliko zote. Nusu saa angalau. Kisha nenda alipokuwa amesimama uangalie damu, nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, hayuko mbali, nyeusi nyeusi ni ini, subiri saa kadhaa, na ukiona majimaji ya kijani yenye harufu umempiga tumbo, rudi ukanywe chai, mwache masaa mengi, ukimfuata mapema atainuka na utampoteza. Mwaka mmoja nilifuata kila hatua ya hayo. Nilisubiri, nikafuata tone moja moja kama mtu anasoma barua, nikamkuta amelala chini ya kichaka, kazi safi, nikapiga magoti, nikapapasa mkanda. Kisu kimebaki kwenye gari. Nikarudi kilomita mbili, nikachukua kisu, na sikuweka alama yoyote pale, hata kitambaa, kwa sababu mwindaji mkubwa kama mimi alama za nini. Nilizunguka kile kichaka mpaka giza. Vichaka vyote vinafanana jamani. Nilimpata kwa kukanyaga mguu wake.

Moja sio ya kuchekea. Kuna ugonjwa wa kulungu wa kukonda, uligunduliwa Colorado mwaka 1967, sasa uko sehemu nyingi Amerika Kaskazini, na watu wanasema ukiipika nyama sana huo ugonjwa unakufa. Haufi. Sio kijidudu, ni protini iliyoharibika, moto wa jikoni hauiwezi. Mpaka sasa hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, ila ushauri ni kwamba mnyama wa eneo lenye ugonjwa apimwe na akiwa nao asiliwe. Usikate uti wa mgongo wala ubongo bila sababu, na kisu cha stenlesi ukishakisafisha hadi hakina hata chembe ya nyama, kiloweke dakika 5 kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu nne za dawa na sita za maji, halafu suuza. Kuchemsha tu hakusaidii.

Na wale wanaoogopa bunduki peke yake, chungeni mti. Watu wanaumia vibaya kwa kudondoka kwenye vile viti vya kukaa juu ya mti kumvizia mnyama, wengine wamesinzia tu. Fungeni mkanda tangu mguu unatoka ardhini. Mimi nimekoroma juu ya mti mpaka kulungu akapita chini yangu, nyayo ziliniambia.

Mjukuu alisikiliza yote haya, kisha akachukua tochi akaenda stoo bila kusema kitu. Nikasikia maboksi yanasukumwa. Akarudi na zile pembe za kulungu wangu wa kwanza, zina vumbi, akaziweka mezani katikati ya visu akaanza kuhesabu kwa kidole. Akahesabu tena toka upande wa pili.

"Babu, ni matano. Na hili moja ni kama limevunjika."

Nikamwambia si nimekueleza mwanzoni kabisa, huwa zinadondoka.