Ahadi ya fundi: yanayosemwa kuhusu biashara ya ushonaji, na yalivyo

Mtaani fundi nguo ana sifa inayomtangulia: mwongo. "Njoo Ijumaa" yake kila mtu anajua ni Jumanne ya wiki inayofuata. Sifa hiyo inamuuma, hasa anayejua kwamba alikesha, akashinda na chai na chapati, na mwisho wa mwezi bado hana hela ya fremu, yaani kodi ya chumba cha duka. Mara nyingi kinachomwangusha si tabia wala kukosa kipaji. Ni mambo ambayo mafundi huambiana tangu wakiwa wanajifunza kuzungusha cherehani, na hakuna anayekaa chini kuyapigia hesabu.

"Fundi anachelewesha kwa sababu ni mwongo"

Tazama saa. Chukua gauni moja la kitenge, lenye bitana na zipu ya mgongoni. Kupima na kuelewana mshono, dakika 20. Kunyoosha kitambaa, kuchora na kukata pamoja na bitana, saa 1. Kuunganisha, kupitisha overloki (mashine inayofunga kingo zisifumuke), kuweka zipu na mikono, saa 2 na nusu. Mteja kujaribu na fundi kurekebisha, dakika 40. Pindo na pasi ya mwisho, dakika 30. Jumla ni saa 5.

Anayefungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 12 jioni anaonekana ana saa 10 mkononi. Toa kula na kuswali, toa umeme kukatika, toa wanaopita kuulizia bei, toa safari ya kutafuta uzi unaooana na kitambaa. Zinabaki kama 6. Kwa siku 6 za wiki ni saa 36, yaani magauni 7. Anayepokea magauni 15 Jumatatu na kuyaahidi yote Jumamosi ameshavunja ahadi kabla hajashika mkasi, ingawa wakati anaahidi alikuwa anamaanisha kabisa.

Daftari la oda peke yake halisaidii, kwa sababu lina majina na vipimo tu, halina saa. Chora wiki nzima kwenye ukurasa mmoja, kila siku ipe saa 6, na kila kazi unayopokea iandikie saa zake hapo. Siku ikijaa, mteja anapewa ya mbele. Saa 4 za wiki ziache tupu kwa marekebisho, maana yatakuja tu. Kwa hiyo hesabu magauni 6, si 7.

Idi ina mtego wake. Hakuna anayejua mapema kama mwezi utaandama baada ya siku 29 au 30, kwa hiyo "kabla ya Idi" haina tarehe. Kwenye daftari andika tarehe 27 Ramadhani kuwa siku ya mwisho ya kutoa nguo, kisha rudi nyuma uone oda zinafungwa lini.

"Kitambaa ni cha mteja, mimi natoza ufundi tu"

Hiyo "ufundi tu" ndiyo inayowamaliza wengi. Tuseme fundi anafanya kazi peke yake kwenye fremu ya mtaani Dar es Salaam. Kwa mwezi: fremu 120,000, umeme wa LUKU 25,000, mlinzi na usafi 15,000, sindano, mafuta na matengenezo ya cherehani 20,000, nauli za Kariakoo 20,000. Ni shilingi 200,000. Zigawe kwa saa 144 za mwezi, unapata karibu 1,400 kwa kila saa, na fundi hajala bado.

Akitaka abaki na 432,000 zake kwa mwezi, hiyo ni 3,000 kwa saa. Saa moja ya benchi lake kwa hiyo ina thamani ya 4,400, na gauni la saa 5 ni 22,000. Ongeza bitana, zipu na uzi, tuseme 8,000: tumefika 30,000, na hapo hatujatenga chochote kwa kazi itakayoharibika.

Jirani anatoza 20,000 kwa gauni hilohilo. Ukimfuata, toa 8,000 za vifaa, toa 7,000 za fremu na mengineyo kwa saa 5. Umebaki na 5,000, sawa na 1,000 kwa saa. Usidhani jirani ana siri. Huenda fremu ni ya kwao, huenda hana bitana kwenye bei hiyo, au huenda anakula mtaji bila kujua. Hilo la tatu ndilo tunaloliona mara nyingi zaidi, na halionekani mapema kwa sababu fremu nyingi hulipiwa miezi 6 kwa mkupuo. Hela huzunguka vizuri tu hadi siku mwenye nyumba anapodai 720,000 zake. Kwenye mfano wetu, dawa ni kuweka kando 5,000 kila siku ya kazi, kwenye laini ya simu ambayo haitumiki kwa jambo jingine.

Malipo ya awali yasipungue vifaa vyote na nusu ya ufundi. Chini ya hapo, fundi ndiye anayemkopesha mteja.

"Mteja akileta picha, kazi ni kunakili tu"

Gauni la kwenye picha limeshonwa kwa mwili mwingine na pengine kwa kitambaa kinachovutika. Kitenge cha pamba hakivutiki. Nyonga zikiwa sentimita 104 na ukakata 104, mteja atasimama akapendeza, ila akikaa mshono utafumuka. Ongeza sentimita 4 hadi 6, na umweleze mapema kwamba halitabana kama la pichani.

Pisi nzima ya kitenge ni yadi 6, karibu mita 5 na nusu, na wengi huleta nusu yake. Kama maua ni makubwa na mteja anataka yakae sawasawa kifuani na mgongoni, hitaji kama nusu mita ya ziada. Mwambie kabla hujakata, si baada.

Kingine ni kupungua. Kitenge cha pamba ambacho hakijaloweshwa kinaweza kupungua sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita kikifuliwa mara ya kwanza, lakini bitana ya polista haipungui. Gauni linaondoka dukani likiwa zuri, wiki ya pili linarudi bitana imechungulia chini ya pindo, na aliyelivaa ameshapiga picha za harusi nalo. Lowesha, anika, piga pasi, ndipo ukate. Ukilowesha, futa kitambaa cheupe juu yake uone kama rangi inachuja. Na kwenye mishono ya ubavuni acha sentimita 2 na nusu kila upande. Miili hubadilika, na kupanua nguo ni kazi ya dakika 30 kama nafasi ipo. Kama haipo, hakuna kazi.

"Nikipata cherehani ya umeme nitatoa kazi mara tatu"

Cherehani za kiwandani zinaweza kupiga mishono hadi 5,000 kwa dakika. Lakini katika zile saa 5 za gauni, sindano haitembei hata saa 1. Muda unakwenda kwenye kukata, kubana pini, pasi, kufumua. Mwenye hela ya mashine moja tu anufaike kwanza na overloki yake mwenyewe, kama sasa anapeleka nguo kwa jirani na kupanga foleni, au na pasi nzito na meza ya kukatia inayolingana na kiuno chake. Meza fupi humuumiza fundi mgongo.

Ukinunua ya umeme, uliza mota. Ya klachi huzunguka muda wote ikiwa imewashwa, hata ukiwa unabana pini. Ya servo huzunguka unapokanyaga tu, na LUKU itaonyesha tofauti. Cherehani ya miguu usiiuze.

"Sikukuu ni kukesha"

Kushona usiku kunavumilika, kwa kuwa mshono hufumuliwa. Mkasi haurudi nyuma. Mkono wa gauni umechimbwa zaidi upande wa mbele kuliko wa nyuma, kwa hiyo wa kulia na wa kushoto lazima vigeukiane. Saa 8 usiku fundi aliyechoka huvilaza vipande viwili vikitazama upande mmoja, na alfajiri anajikuta na mikono miwili ya kushoto, kitambaa kimeisha, na lile ua halipo tena sokoni. Kata asubuhi. Usiku baki na vifungo na pindo.

"Ndugu halipi kama mgeni"

Shangazi atapewa nafuu, hakuna ubishi. Andika bei kamili, kisha andika kando yake ulichopunguza. Mwisho wa mwezi jumlisha safu hiyo. Wengine wakiona jumla hushtuka kuwa inakaribia kodi ya fremu. Ukiujua mzigo huo, amua nafuu ngapi unazimudu kwa mwezi. Zikiisha, anayefuata anasubiri mwezi ujao au analipa kamili.

"Daftari ni la wakubwa, sisi wadogo TRA, watu wa kodi, watatukadiria"

Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019 kwa mfanyabiashara mdogo wa Tanzania Bara, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayakutozwa kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu alilipa 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 akiwa na daftari alilipa 30,000. Viwango hubadilishwa na sheria za fedha, kwa hiyo ulizia vya mwaka huu.

"Nguo isiyochukuliwa ni hasara ya mwenyewe"

Ni hasara ya fundi pia: nusu ya ufundi iko ndani ya mfuko ule uliotundikwa, na baada ya miezi mitatu una panya na vumbi. Kwenye risiti andika tarehe ya kuchukua, kiasi kilichobaki, na kwamba baada ya siku 30 nguo itatozwa kiasi fulani cha kuihifadhi. Tuma ujumbe siku inapokamilika, pamoja na picha ya nguo ikiwa imetundikwa. Picha huvuta wateja kuliko deni. Na ukitundika, geuza lebo yenye jina na namba ya simu itazame nje, maana mteja atamtuma mtoto, na mtoto ataondoka na gauni la mama mwingine.