H5N1 si jina la kirusi kimoja

Wengi huamini kwamba H5N1 ya mafua ya ndege ni kirusi kilekile tangu miaka ya 1990, kinachozungushwa tu na ndege wa porini. Sivyo. Jina hilo hutaja protini 2 tu za juu ya kirusi: H, inayonasa seli, na N, inayovifungulia virusi vipya njia ya kutoka. Jeni zake zimegawanyika vipande 8, na vile 6 vilivyobaki jina halivisemi kabisa.

Hapo ndipo penye kiini. Bata akiambukizwa virusi 2 tofauti kwa pamoja, vipande huweza kuchanganyika ndani ya seli moja. Michanganyiko yaweza kufika 256, ukihesabu na wazazi wenyewe. Ukoo wa H uliopatikana kwa bata bukini huko Guangdong, Uchina, mwaka 1996 bado upo, lakini umeota matawi mengi. Virusi vilivyogunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa Marekani mwaka 2024 ni vya tawi la 2.3.4.4b, na baadhi ya vipande vyake vimetoka kwa virusi vya ndege wa Amerika.

Kwa hiyo kusoma mpangilio wa jeni wa kipande cha H peke yake maabara hakutoshi: mchanganyiko mpya utapita bila kuonekana. Visomwe vyote 8, kila kimoja kichorewe mti wake wa ukoo. Miti isipolingana, huenda vipande vimebadilishana. Sampuli isigandishwe na kuyeyushwa mara kwa mara, kwani RNA, yaani kemikali inayobeba jeni za kirusi, hukatikakatika na usomaji hubaki na mapengo. Tarehe na mahali viandikwe palepale. Bila tarehe, ni vigumu kukadiria matawi yaliachana lini.