Mtoto acheze nje: maswali ya wazazi wa Mtwara na Lindi

Mwanangu akitoka shule anataka kucheza tu. Muda gani unamtosha?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mchezo unaomtoa jasho na kumfanya aheme. Wa miaka 3 na 4 anahitaji dakika 180 za kujishughulisha, 60 kati ya hizo za nguvu. Si lazima zifululize. Rede, kombolela, kamba na chandimu vinatosha kabisa.

Hata ndani anacheza. Nje kuna nini zaidi?

Kuna nafasi ya kukimbia, kukwepa na kuruka, na mifupa hukomaa kwa kishindo hicho. Kuna mwanga pia. Mwanga wa mchana, hata chini ya mwembe, una nguvu mara nyingi kuliko wa sebuleni. Huchochea dopamini, kemikali ya mwili, ndani ya jicho kwa nyuma, nayo huzuia jicho kurefuka kupita kiasi. Likirefuka, mtoto haoni ubaoni. Saa 2 nje kila siku hupunguza hatari hiyo.

Mdako nao usidharauliwe. Mtoto anarusha kokoto juu, anachota nyingine shimoni, anaidaka ya kwanza kabla haijaanguka: macho, vidole na hesabu kwa wakati mmoja. Wavulana nao waucheze.

Na jua letu hili?

Acheze asubuhi, kisha kuanzia saa 10 jioni; mchana abaki kivulini. Anywe maji kabla ya kutoka, na mafunda kadhaa kila dakika 20 hivi. Akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu, mpeleke kivulini, mpanguse kwa maji na umpepee. Akianza kuweweseka, hospitali mara moja. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, apakwe losheni ya kukinga jua, na asitoke kabisa jua likiwa kali.

Mazingira yetu yana hatari gani?

Ya kwanza ni korosho mbichi. Mafuta ya ganda lake huunguza ngozi, kwa hiyo mtoto asiibanje kwa meno wala kuichoma mwenyewe. Yakimgusa, osha kwa sabuni na maji mengi, na asifikiche macho. Shamba linalopuliziwa salfa, dawa ya unga ya mikorosho, si uwanja: vumbi lake huwasha macho na kubana kifua.

Uwanja wa vumbi huzaa funza. Umwagilie maji, ufagie, mtoto avae viatu, na kila jioni kagua vidole vya miguu: doti nyeusi yenye duara jeupe inayowasha ndiye funza. Msichangie pini ya kumtolea. Huambukiza pepopunda na hata virusi vya UKIMWI. Viatu humkinga pia na minyoo ya safura, inayopenya kwenye nyayo.

Bwawani na mtoni asiogelee, kuna kichocho. Akikojoa damu, hata kidogo na bila maumivu, apimwe mkojo zahanati.